Keki Iliyopigwa Plasta

Kwetu Bungoma keki ya harusi haikukatwa mpaka aliyeitengeneza asimame aielezee. Nazungumzia miaka ya themanini na kuingia ya tisini, wakati turubai lilikuwa la kuazima na kipaza sauti kilikoroma kuliko wazee. Mwenye keki alisimama kando ya meza, akataja idadi ya mayai, akataja siagi, akasema zabibu kavu zimelowekwa kwenye nini, kisha akaonyesha kwa kidole keki ipi ni ya wazazi wa bwana harusi, ipi ya wazazi wa bibi harusi na ipi ya kanisa. Wageni, ambao tangu asubuhi walikuwa wamelishwa hotuba tupu, walimsikiliza kwa makini kuliko walivyomsikiliza mchungaji. Halafu walimpigia makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyokuwa cheti. Mwanamke aliyepigiwa makofi ya keki Jumamosi alipita sokoni Jumatatu kama mtu aliyechaguliwa bungeni bila kupingwa.

Kwa miaka mitatu nilipamba keki zilizopigiwa makofi hayo, na sikusimama hata mara moja. Nilikaa nyuma karibu na masufuria, nikijifanya mtu aliyeletwa kubeba meza. Nilijiambia kwamba mimi ni mnyenyekevu. Nilikuwa mwoga aliyejipatia neno zuri.

Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa sababu ya karo wala ya akili ndogo, ingawa mama alitumia sababu zote mbili kulingana na aliyeuliza. Niliacha kwa kuwa nilitaka kuona jinsi vitu vinavyotengenezwa, na shuleni tulikuwa tunaandika tu kwamba vinatengenezwa. Nikaenda Lwakhakha kuvusha vitunguu na sabuni mpakani mpaka nikawajua maaskari wa pande zote mbili, kisha nikachoka. Nikapukuchua mahindi Kachibora msimu mmoja. Nikamsaidia fundi wa redio mpaka alipogundua nazifungua hata zile ambazo hazijaharibika. Mwishowe nikaangukia kwenye mjengo Kitale, nikawa msaidizi wa fundi wa plasta, na huko nikadumu kuliko nilivyowahi kudumu popote. Plasta ina siri nyingi. Ukiiharakisha inapasuka, ukiichelewesha inakukatalia, na ukiigonga ikikauka inakuambia yenyewe kama umefanya kazi au umefanya mchezo.

Siku moja tulipelekwa nje ya mji kukarabati nyumba ya zamani ya mzungu, ambayo sasa ilikuwa ya bwana mmoja wa serikali. Katikati ya dari ya sebule kulikuwa na waridi kubwa la plasta, nusu yake imeanguka. Fundi wangu akasema tulikwangue lote, tulainishe. Nikamwomba siku mbili. Nililala chali juu ya mbao nikiongeza petali moja baada ya nyingine kwa ncha ya kisu cha mezani, chokaa ikinidondokea machoni. Nilipomaliza, fundi aliinua kichwa akalitazama kwa muda.

"Sasa hilo litazuia mvua?" akauliza.

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa kama msanii, na niliiamini kwa miaka.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa mama mmoja aliyestaafu kufundisha sayansi kimu. Mji mzima ulimwita Mwalimu, hata watu wazima kumzidi. Alikuwa amefundisha wasichana kushona, kupika na kukaa wima, na alikuwa akioka keki za harusi kwa nusu ya Trans-Nzoia kwenye oveni ya bati iliyokaa juu ya makaa. Jikoni kwake kulikuwa na ukuta uliobanduka. Nikamtengenezea siku ya mapumziko yangu, na kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa bila kuchokora kitu, nikazungushia dirisha ukingo wa majani madogo madogo.

Mwalimu alisimama mbele ya dirisha lile muda mrefu. Vidole vyake alikuwa amevificha kwapani. Baridi yabisi ilikuwa imeanza kuvikunja, jambo ambalo hakuna mteja aliyelijua.

"Nani alikufundisha haya?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Nenda ukanawe mikono."

Nikanawa.

"Sasa nenda ukanawe na sabuni."

Aliponirudisha mezani alinipa pembe ya karatasi ya mafuta iliyojazwa aisingi, yaani ute wa mayai uliopigwa na sukari ya unga mpaka ukasimama. Akasema nitengeneze ua. Ua langu la kwanza lilifanana na kabeji iliyokanyagwa na ng'ombe. Mwalimu alikula lile ua, akanipa pembe nyingine.

Nilijifunza kwa njia yangu. Niliiba maua ya waridi kwenye bustani ya ofisi moja ya serikali, nikayafumua petali kwa petali juu ya gazeti ili nijue yamejengwaje, ipi inashika ipi, mpaka askari wa lango akaanza kunifahamu kwa mgongo. Nilikata vimdomo vya kupambia kutoka kwenye makopo ya maziwa ya unga. Sukari ya unga ilipokosekana madukani, nilisaga ya kawaida kwa chupa na kuichunga kwa kitambaa chepesi mara tatu. Mwaka ulipoisha, Mwalimu alikuwa anaoka na mimi napamba, na mji ulikuwa unasema Mwalimu amekuwa hodari zaidi uzeeni, ni maajabu ya Mungu.

Siri ilitufaa wote wawili. Yeye alisema, "Watu wa kanisa wakisikia keki yao imeshikwa na mkono unaochanganya simiti, watashiba kabla ya kuionja." Mimi nikakubali haraka mno. Niliwaogopa wenzangu wa mjengo, ambao wangeniita shangazi mpaka kaburini. Lakini hao ningewavumilia. Nilichokiogopa zaidi ni siku ya kusimama kando ya meza niseme hii ni yangu, kisha mtu nyuma aulize kama yule fundi wangu: litazuia mvua?

Ili msidhani natia chumvi, niwaeleze juu ya kozi. Mama mmoja mwenye vyeti vitatu alikuja Kitale kufundisha upambaji wa keki katika ukumbi wa kanisa. Nilikwenda, mwanamume peke yangu kati ya akina mama kumi na kitu, wake wa makarani na wake wa mameneja wa mashamba. Mwalimu huyo wa vyeti alipita akikagua viganja vyetu kama daktari wa mifugo anayekagua kwato. Alipofika kwangu akavishika vidole vyangu, akaviachia.

"Kazi hii inataka mkono laini," akaliambia darasa, si mimi. "Mkono ukishakuwa mgumu, hata roho hufuata."

Tukatengeneza maua, kila mtu lake, tukayaweka kwenye sinia moja yakauke. Mchana akaja na lile sinia, akainua ua moja kwa ncha ya kisu, akalizungusha kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili ni la nani? Kwa sababu huyu hana haja ya kukaa hapa."

Lilikuwa langu. Nililijua kwa ile petali ya tatu ambayo huwa naikunja kidogo. Nikatazama viatu vyangu. Mama aliyeketi kando yangu alisubiri kidogo, akatazama kushoto na kulia, akaona kitu hakina mwenyewe, akakichukua.

"Ni langu, Madam," akasema kwa sauti ndogo ya mtu mnyenyekevu.

Akapigiwa makofi. Na mimi nikapiga, tena kwa nguvu. Niliambiwa baadaye alifungua duka la keki akafanya vizuri, na sina kinyongo naye hata kidogo. Yeye alijua thamani ya ua lile kuliko mimi.

Sikurudi kwenye kozi hiyo tena.

Basi tukakaa hivyo mpaka dada yangu mdogo alipopata mchumba, karani mmoja mpole wa Bungoma. Kamati ya harusi ikaketi, ikakubaliana kwamba keki itoke kwa Mwalimu wa Kitale kwa sababu moja: keki zake hazikuwahi kupasuka njiani. Keki za watu wengine zilitoka Kitale zikiwa nzima zikafika Bungoma zikiwa makombo yenye maua, kwa jinsi barabara ilivyokuwa. Za Mwalimu zilifika kama zilivyoondoka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Sababu ilikuwa kwamba aliyezipamba alizipiga plasta.

Dada alikuja Kitale kuagiza, amefuatana na shangazi yetu, ambaye kwa lugha yetu tunamwita senge. Walinikuta natoka jikoni kwa Mwalimu. Wote wawili walijua napanga pale. Nyumbani nilijulikana kama yule wa kuzurura.

"Bado unakaa hapa?" senge akaniuliza. "Kumbe kuna mahali umeshindwa kuhama."

"Nimezeeka, senge."

"Kaka, una nini sikioni?" dada akauliza.

Nikagusa sikio. Ilikuwa aisingi.

"Plasta," nikasema.

Wakaketi, nikawaletea chai kama mpangaji mwenye adabu. Dada akaeleza anachotaka. Alikuwa ameona keki moja kwenye harusi ya rafiki yake, ilikuwa na mawaridi ambayo ungedhani yana umande. Alikuwa ametamani moja, lakini aliona haya kuomba. "Mwalimu, niwekee kama yale. Hata kama ni matatu tu." Mwalimu akanitazama juu ya kikombe. Ningeweza kusema neno pale pale, mbele ya watu wawili tu, mmoja wao niliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Nikakusanya vikombe.

Baada ya siku hiyo nilipatwa na wazimu. Keki za watu wengine nilizipamba kwa furaha, lakini hii ya dada niliiogopa kama mtihani. Kila jioni niliona kasoro. Mwalimu alioka keki tatu za kupangwa moja juu ya nyingine, za matunda, zabibu kavu zimelowekwa siku nne kwenye strungi, ile chai nyeusi nzito, kwa kuwa kanisa la wakwe lingetambua tone la pombe hata likiwa Kampala. Kisha vidole vyake vikamzidi, akaenda kwa binti yake kupumzika, akaniachia maagizo. Agizo kubwa lilikuwa moja: katika kila kilo ya sukari ya unga nitie kijiko cha chai cha gliserini, ile ya duka la dawa, ili aisingi isigande kama jiwe.

Kila mara Mwalimu ndiye aliyekuwa akiitia hiyo gliserini, na kila mara nilimtazama kwa mashaka. Sasa nilibaki peke yangu na chupa. Nikawaza: fundi gani anatia ukutani kitu cha kuulainisha? Barabara ni ile ile. Dada ni huyu mmoja. Nikairudisha chupa kabatini.

Nikapiga mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, wa kushika, wa pili wa kunyoosha, wa tatu wa kumalizia, kama tunavyofanya ukutani. Kila mkono niliuacha ukauke siku nzima. Nikaona bado kuna kibonde upande mmoja, nikapiga wa nne. Wa tano niliupiga kwa ajili ya amani ya moyo. Mawaridi niliweka ishirini na moja. Ijumaa asubuhi niligonga keki ya chini kwa kifundo cha kidole, ikanijibu kwa sauti ya ukuta mzuri wa benki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kwamba nimefanya kazi isiyo na kasoro. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Tulisafiri Jumamosi alfajiri kwa pikapu ya kukodi, mimi na keki na Mwalimu, aliyekuwa amerudi usiku wake. Karibu na Webuye tuliingia shimo lililompigisha dereva kichwa kwenye paa. Keki haikupata hata ufa. Mwalimu akaiangalia keki, akaniangalia mimi.

"Gliserini ulitia?"

"Ilikauka vizuri sana, Mwalimu," nikasema, na akasinzia.

Harusi ilikwenda kama harusi. Hotuba zikahutubiwa. Saa tisa keki ikatolewa chini ya turubai, na nikasikia watu wakivuta pumzi. Dada aliyaona mawaridi yake, akashika mdomo. Mwalimu akasimama na kutaja mayai, siagi, zabibu na strungi, na aliposema strungi wazee wa kanisa wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Makofi yakapigwa. Nilikuwa nyuma, karibu na masufuria, nimeshika sinia tupu.

Kisha kisu. Kwetu kisu cha keki hakitolewi hivi hivi. Senge alikificha chini ya leso yake, akaja akicheza kutoka mwisho wa uwanja, hatua tatu mbele, mbili nyuma, akafika mezani, akajifanya hamwoni bwana harusi, akarudi alikotoka. Ilichukua nusu saa mpaka kisu chenye utepe kikawafikia maharusi. Wakakishika pamoja. Watu wakahesabu moja, mbili, tatu.

Kisu kikasimama.

Wakacheka, wakasukuma tena. Kisu kikateleza pembeni na kuacha mstari mwembamba kama wa penseli. Bwana harusi akavua koti. Akakaza, na kisu kikapinda kama kijiko cha hotelini. Emsii, binamu wa bwana harusi aliyependa sana sauti yake, akakisogelea kipaza sauti.

"Ndugu zangu, keki imeikataa ndoa."

Watu wakacheka, lakini si wote. Kwenye viti vya wakwe niliona vichwa vikisogeleana. Mama mmoja wa upande wao akasema, bila kuteremsha sauti, "Kwetu kitu kikikataa, huwa kinaulizwa kwa nini." Mwingine akasema ni ishara. Neno hilo, ishara, likapita kwenye viti haraka kuliko soda zilivyopita. Dada yangu aliacha kucheka. Alikuwa ameshika kile kisu kilichopinda, na kidevu chake kilikuwa kinafanya vile kilivyofanya alipokuwa na miaka minne.

"Mwalimu," emsii akasema, "hebu tuambie ukweli. Umeweka nini humu?"

Mwalimu alisimama wima kama alivyowafundisha wasichana. Angeweza kunyoosha kidole mpaka kwenye masufuria. Hakugeuka hata kidogo upande wangu.

"Nimeweka nilivyotaja," akasema.

"Na hii ngozi ya mamba?"

Mikono alikuwa ameiweka nyuma, na kutoka nilipokuwa mimi, na ni mimi tu niliyekuwa upande ule, niliviona vidole vyake vilivyojikunja vikijaribu kushikana na kushindwa. Miaka thelathini ya makofi ilikuwa inamtoka mbele ya watu, na alikuwa ameamua kuiacha itoke.

Nikaweka sinia chini.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Masimulizi ya watu jasiri hayaelezi jambo hili, kwamba mtu anaweza kukusanya ujasiri wake wote, akasema neno lake, na redio ya jirani ikalimeza. Ilinibidi nitembee mpaka mbele, nichukue kipaza sauti, na kulisema upya, ilhali ujasiri wote niliokuwa nao ulikuwa umekwisha kwa lile la kwanza.

"Ni mimi. Keki nimeipamba mimi."

"Wewe ni nani?" emsii akauliza.

"Ndugu ya bibi harusi."

"Hilo tunaona, mmefanana masikio. Nauliza, wewe na keki ni wapi na wapi?"

"Huyu?" Mama yetu alikuwa ameinuka kwenye kiti cha mbele, kofia imekaa upande. "Huyu si anapiga plasta huko Kitale?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo sababu."

Turubai lilicheka mpaka kamba zikatikisika. Lile lilikuwa ndilo cheko nililolikimbia miaka mitatu, lote kwa pamoja, na limeongezwa watu. Nililisimamia. Lilikuwa refu, lakini lilikuwa na mwisho, na nilishangaa kwamba lilipoisha nilikuwa bado nina miguu.

"Si ishara," nikawaambia wakwe. "Ni gliserini. Mwalimu aliniambia nitie, nikajifanya najua kumzidi. Nimepiga mikono mitano badala ya miwili kwa sababu niliogopa ipasuke njiani. Mawaridi ni yangu, na yale aliyoyaona dada kwa rafiki yake yalikuwa yangu. Ndani ni keki ya Mwalimu, ni laini, na haina kosa. Nipeni dakika kumi niifungue."

"Utaifungua na nini?" emsii akauliza.

"Na tindo."

Mfuko wangu wa kazi ulikuwa kwenye pikapu, kwa kuwa mama alitaka ngazi yake itengenezwe kesho yake. Nikatoa tindo, ile patasi ya kuvunjia plasta, na nyundo ndogo, nikazichemsha kwenye maji ya chai huko jikoni, wapishi wakinitazama kama mtu anayepika misumari. Nilipokuwa nazipeleka mezani senge akanizuia njiani.

"Unaenda wapi na hiyo?"

"Kukata keki, senge."

"Tangu lini chombo cha kukata keki kinaenda kwa meza kinatembea kama polisi? Reta hapa."

Akafungua utepe kwenye kisu kilichopinda, akaufunga kwenye tindo. Akaificha chini ya leso. Akarudi mwisho wa uwanja na kuanza kucheza upya, hatua tatu mbele, mbili nyuma, na akina mama wa upande wa wakwe, wale wale wa ishara, hawakuweza kuvumilia kuona ngoma ikichezwa bila wao. Wakasimama. Nyundo ikachukuliwa na shangazi wa bwana harusi, naye akaificha ya kwake. Kufika mezani ikawa nusu saa nyingine.

Nikawaonyesha maharusi pa kugonga, pale mkono wa kwanza ulipokutana na kona, kwa sababu kila plasta ina mahali inapokubali. Dada akashika tindo. Bwana harusi akagonga mara moja, kwa upole wa karani. Ukasikika mlio mdogo, tak, na ufa ukaenda juu ukiwa umenyooka kama nimeupima kwa kamba. Kipande kizima kikafunguka kama mlango. Ndani ilikuwa nyeusi, yenye unyevu, na harufu yake ikafika mpaka kwenye kamati.

Makofi yalipigwa. Sehemu kubwa ilikuwa ya bwana harusi, ambaye tangu siku hiyo hadi leo anadai ndiye aliyeshinda ile keki. Sehemu nyingine ilikuwa ya senge. Yangu ilikuwa ndogo, nadhani ilitoka upande wa masufuria. Vipande vya aisingi viligawiwa kwa wazee, wakavimumunya mpaka jua likazama. Mmoja alipoteza jino, ingawa wanawe waliapa lilikuwa la kutoka tangu Krismasi.

Kesho yake jioni, ngazi ya mama ikiwa imekwisha, tulirudi kwa pikapu, na tulipopita Kiminini Mwalimu akaniuliza.

"Nilikuambia vijiko vingapi?"

"Kimoja cha chai, kwa kila kilo."

"Kumbe ulisikia." Akatazama mahindi ya watu yakipita dirishani. "Jumamosi ijayo tuna keki ya Kachibora. Wewe ndiye utasimama. Mimi miguu inaniuma."

Miguu yake haikuwahi kumuuma hata siku moja, na sote wawili tulijua.

Habari ilifika kwenye mjengo kabla yangu. Jumatatu nilikuta wamenifungia mfuko wa simiti kwa utepe, wakaniita shangazi kama nilivyotabiri. Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia miaka. Waliendelea mpaka Alhamisi, kisha mmoja wao akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama keki ya ubatizo wa mtoto inaweza kuandikwa jina. Fundi wangu alitaka kujua kitu kimoja tu, nilitumia mchanganyiko gani, kwa sababu yeye alikuwa na tangi la maji linavuja.

Kachibora nilisimama. Nilisahau siagi, nikairudia mwisho, baada ya keki ya kanisa. Nikasema mawaridi ni yangu. Nikajua lile swali linakuja. Likaja, kutoka nyuma kabisa, kwa sauti ya mtu ambaye alikuwa Bungoma wiki iliyopita:

"Na tindo umekuja nayo?"

Nikaingiza mkono ndani ya koti nikaitoa, na utepe wake. Watu walicheka, wakapiga makofi, na bibi harusi akaikata keki kwa kisu cha kawaida, kikaingia bila taabu. Walidhani nilikuwa nimeileta kwa mzaha. Gliserini nilikuwa nimetia, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, mbele ya macho ya Mwalimu. Bado nilikuwa sijaiamini.